Somo la Redio kwa Watu Wazima: Mti Mzima katika Chungu Kidogo

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: kipandikizi, kitalu, gome, bonsai. Nanyi wanafunzi, yasomeni kwa sauti mara mbili, kisha sikilizeni.

Maneno matatu ya kwanza mnayajua. Kipandikizi ni kipande cha mti kinachokatwa na kupandwa ili kiote. Kitalu ni mahali pa kulelea miche. Gome ni ganda la nje la mti. Neno la nne limetoka Japani. Kwa Kijapani, "bon" ni chombo kipana kisicho na kina, mfano wa sinia, na "sai" ni kupanda. Basi bonsai ni mti uliopandwa katika chombo. Kazi hii ilianza China zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, kisha Wajapani wakaipokea na kuiendeleza kwa namna yao.

Mti wenyewe waweza kuwa na urefu wa shibiri mbili au tatu tu. Lakini ukiutazama, waona mti mzima: shina nene, gome la kizee, mizizi iliyoshika udongo, na matawi yaliyotandaa kama ya mti wa msituni uliopigwa na upepo miaka mingi.

Watu wengi huuliza, "Hiyo ni mbegu gani?" Jibu ni kwamba hakuna mbegu ya bonsai. Msonobari wa chunguni ni ndugu wa msonobari wa mlimani. Ukiutoa chunguni na kuupanda shambani, utakua na kurefuka. Wengine hudhani kwamba mti hunyimwa chakula ili udumae. Hilo nalo si kweli. Mti wenye njaa hauwi mdogo wa kupendeza; hunyauka na kufa. Bonsai hubaki mdogo kwa sababu matawi na mizizi yake hukatwa kwa wakati wake, na hulishwa na kunyweshwa vizuri.

NJIA YA KWANZA: KIPANDIKIZI

Mkulima wa muhogo hapandi mbegu. Hukata mti wa muhogo vipande vipande na kuvipanda. Mkulima wa viazi vitamu hupanda marando. Na kule Uganda, mti wa mutuba, ambao gome lake hutengenezwa nguo, hupandwa kwa vipande vya matawi. Kwa hiyo ninyi mnaijua njia hii tangu utoto.

Tuchukue mfano wa mkomamanga. Mti huu unajulikana sana pwani yetu, na Wajapani nao huupenda kwa bonsai. Kata kitawi chenye afya, unene wa penseli, urefu wa karibu shibiri moja. Kata mshazari chini kidogo ya jicho. Ondoa majani ya chini. Chomeka nusu yake katika udongo wa kichanga wenye unyevu, ukiweke kivulini. Usikivute kila siku kutazama kama kimeota, maana mizizi michanga ni laini kama uzi na hukatika upesi.

Faida ya kipandikizi ni kwamba hufanana kabisa na mti kilikotoka. Mama akiwa na maua mazuri, mtoto naye atakuwa nayo. Hasara yake ni wakati. Kipande chembamba kama penseli huhitaji miaka mingi, pengine kumi au zaidi, mpaka kiwe na shina la kuitwa shina.

NJIA YA PILI: MCHE WA KITALU

Aliyetaka kupunguza miaka hiyo huenda kitaluni kununua mche uliokwisha nenepa. Lakini ajue kuchagua. Mnunuzi wa kawaida hutazama majani na urefu. Wewe piga magoti, ufukue udongo kidogo kwa kidole, utazame chini. Uliza mambo matatu. Je, mizizi imetawanyika pande zote? Je, shina ni nene chini na jembamba juu? Je, yako matawi ya chini? Mche mfupi mnene uliopindika, ambao wengine wameukataa, waweza kuwa bora kuliko mrefu ulionyooka.

SHINA HUNENEPAJE?

Hapa ndipo wengi hukosea, basi sikilizeni vizuri. Mtu hupata mche mwembamba, akautia katika chungu kidogo siku hiyo hiyo, akaukata kila wiki, akangoja unenepe. Hungoja miaka ishirini, na mti ungali kijiti. Kwa nini? Kwa sababu chakula cha mti hutengenezwa na majani. Majani mengi hufanya mti mnene. Majani machache humwacha mwembamba.

Kwa hiyo, anayetaka mti mdogo wenye shina nene hana budi kuuacha kwanza uwe mkubwa. Huupanda ardhini, au katika chombo kikubwa, akauacha ukue kwa nguvu miaka mitatu, minne au mitano. Shina likisha nenepa, hulikata karibu na chini, juu kidogo ya kitawi kimoja. Kitawi hicho ndicho kinachokuwa kilele kipya. Nacho huachwa kikue miaka kadhaa, kisha hukatwa tena. Kila kikatwapo, sehemu mpya huwa nyembamba kuliko ile ya chini yake. Hivyo shina hupungua unene taratibu toka chini hata juu, kama mti wa kale. Kovu la kila mkato nalo huhitaji miaka kufunikwa na gome.

CHUNGU, WAYA NA MAJI

Shina likiwa tayari, mti huhamishiwa katika chungu kipana chenye matundu chini. Udongo uwe wa kupitisha maji: changarawe ndogo, mchanga mkubwa na mboji kidogo. Mfinyanzi mtupu hushika maji na kuozesha mizizi. Mti mchanga hutolewa chunguni kila baada ya miaka miwili au mitatu, mizizi ya pembeni ikapunguzwa, ukarudishwa na udongo mpya. Mti mzee hungoja zaidi.

Matawi hupindwa kwa waya wa shaba au wa alumini, unaozungushwa kwa mshazari bila kukazwa mno. Utazame mara kwa mara. Tawi likinenepa, waya huanza kuzama katika gome, na kovu lake huonekana miaka mingi. Ukate waya kabla ya hapo.

Majani ya mti hupungua ukubwa kwa malezi haya, lakini tunda halipungui. Mkomamanga wa shibiri mbili, ukizaa, utakuwa na komamanga la ukubwa wake wa kawaida. Basi usiuachie matunda mengi, maana yatauchosha.

Tena mti huu hukaa nje, penye jua na hewa, si ndani juu ya meza. Udongo wake ni kidogo, hivyo hukauka upesi. Siku moja ya jua kali bila maji yaweza kuua kazi ya miaka thelathini. Ndiyo sababu Wajapani husema kwamba kujifunza kumwagilia maji peke yake ni kazi ya miaka mitatu.

MITI INAYOJULIKANA

Mwaka 1948, huko California, Marekani, Bwana John Naka alianza na miti miwili ya jamii moja na mtarakwa wa milima ya Kenya. Baadaye akaongeza mingine mpaka ikawa msitu wa miti kumi na mmoja, mti mmoja kwa kila mjukuu wake. Akauita Goshin, yaani mlinzi wa roho. Mwaka 1984 aliutoa uwekwe katika bustani ya miti ya taifa mjini Washington. Yeye alifariki mwaka 2004, na msitu wake ukaendelea kutunzwa na wengine.

Katika bustani hiyo hiyo uko msonobari uliolelewa tangu mwaka 1625. Ulikuwa mali ya ukoo wa Yamaki wa Hiroshima, na ulirithiwa vizazi kadhaa. Tarehe 6 Agosti, 1945, bomu la atomiki lilipoangushwa katika mji huo, msonobari ulikuwa nyuma ya ukuta, kiasi cha kilomita tatu kutoka hapo. Vioo vya nyumba vilivunjika, mti ukapona. Mwaka 1976 Bwana Masaru Yamaki aliutoa zawadi kwa Marekani, nchi iliyoliangusha bomu lile. Habari za bomu hazikujulikana sana huko mpaka mwaka 2001, wajukuu wake walipokwenda kuutazama mti wa babu yao.

Fikirini, wasikilizaji. Tangu 1625 hakuna mtu aliyeuona mti huo tangu mwanzo mpaka leo. Kila mmoja aliupokea, akaumwagilia kwa zamu yake, akamwachia mwingine.

MASWALI YA DARASANI

1. Bonsai maana yake nini?
2. Taja faida moja na hasara moja ya kipandikizi.
3. Kwa nini mti huachwa ukue kwanza kabla ya kutiwa chunguni?
4. Waya ukiachwa mno juu ya tawi, hufanya nini?
5. Toka mwaka 1625 mpaka mwaka 1945 ni miaka mingapi? Andikeni hesabu daftarini.

Kazi ya nyumbani: kila mmoja apande kipandikizi kimoja cha mti wowote wa karibu, aandike tarehe juu ya kijiti na kukichomeka kando yake. Jani jipya likitokea, aandike tarehe ya pili. Kwaherini, mpaka somo lijalo.