Wake wa Henry wa Nane tunawajua, kura yetu hatuijui

LONDON

"Mwalimu, huyu Catherine ni mke wa kwanza au wa mwisho?"

Swali hilo niliulizwa Jumamosi moja asubuhi, mashariki ya London, na kijana wa Kigoma ambaye usiku anapakia mizigo ghalani na mchana anasoma. Nikamjibu kwamba wapo akina Catherine watatu: wa kwanza, wa tano na wa sita. Akashika kichwa. Mfalme Henry wa Nane alioa wake sita, na kitabu rasmi cha serikali cha kujiandalia mtihani wa uraia kinawataja wote, nani alipewa talaka na nani alikatwa kichwa.

Darasa letu ni chumba cha kuazima juu ya ukumbi wa mtaa. Tunakuwa kumi, siku nyingine kumi na watano. Watanzania ndio wengi, wapo Wakenya, Waganda wawili, mama mmoja wa Bukavu na kijana wa Bujumbura. Kitabu ni cha Kiingereza, maelezo ni ya Kiswahili. Kazi yangu mimi ni uandishi wa habari. Ualimu nimeupata ukubwani, kwa sababu tu niliufanya mtihani huo mwaka 2015 nikafaulu, wenzangu wakasema basi utufundishe.

Mtihani wenyewe unaitwa Life in the UK. Ni maswali 24 kwenye kompyuta, dakika 45, ada paundi 50, na anayepata 18 amefaulu. Ulianza Novemba 2005 kwa waombaji wa uraia, na Aprili 2007 ukawekwa pia kwa wanaotaka ukaazi wa kudumu. Aliyeongoza kamati iliyoupendekeza ni Profesa Bernard Crick, mwanazuoni wa siasa aliyewahi kumfundisha David Blunkett, waziri wa mambo ya ndani wa wakati ule. Crick alikuwa mtu wa kuamini kwamba uraia ni kushiriki: kwenda mikutanoni, kubishana na diwani, kupiga kura. Kwa miaka ya mwanzo, mtu ambaye Kiingereza chake kilikuwa kidogo aliweza kusoma kozi ya lugha yenye masomo ya uraia ndani yake badala ya kufanya mtihani. Njia hiyo ilifungwa Oktoba 2013.

Mwaka huohuo kilitoka kitabu kipya, hiki tunachokitumia, kilichojaa wafalme, vita na washairi. Profesa Thom Brooks wa Chuo Kikuu cha Durham, mzaliwa wa Marekani ambaye naye alifanya mtihani huo akapata uraia wa Uingereza, alikichambua akasema kinafanana na mashindano mabovu ya maswali ya baa. Miaka tisa baadaye, 2022, kamati ya Baraza la Malodi nayo iliitaka serikali ikipitie upya. Kitabu kipo vilevile.

Ndugu zetu walioko Marekani wanatucheka. Wao orodha ya maswali inatangazwa wazi pamoja na majibu yake. Kwa miaka mingi yalikuwa maswali 100, ofisa anakuuliza kwa mdomo hadi 10, ukipata 6 umepita. Kwa walioomba kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 yameongezwa hadi 128, unaulizwa hadi 20 na unatakiwa upate 12. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maswali hayo ni ya serikali yenyewe: mihimili mitatu, nani anatunga sheria, rais akifa nani anashika. Mtu akimaliza kuyakariri, walau anajua nchi inaendeshwaje.

Darasani kwangu somo la serikali huanza na mshangao mmoja. Nikisema Uingereza haina katiba iliyoandikwa katika kitabu kimoja, Wakenya hunitazama kama niliyekosea. Wao wana katiba ya 2010, wanaijua ibara kwa ibara, na imewaleta karibu na Marekani: waziri hawi mbunge. Watanzania tumechanganya, rais tunamchagua mbali kama Wamarekani, mawaziri tunawatoa bungeni kama Waingereza. Hapa waziri mkuu mwenyewe ni mbunge wa jimbo, anasimama kwenye uchaguzi na wagombea wengine, wakiwemo watu wa mzaha waliovaa ndoo kichwani. Hilo la ndoo hawaliamini mpaka niwaonyeshe picha.

Lakini lipo jambo moja ambalo kitabu kinalitaja kwa sentensi mbili tatu kisha kinaliacha, na wanafunzi hulipita kama mtu anayepita kibao cha barabarani. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kwa kibali halali ana haki ya kupiga kura. Si kura ya diwani peke yake. Ya ubunge pia. Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mnyarwanda tangu nchi yake ijiunge na Madola mwaka 2009, Msumbiji, wote wamo. Hatakiwi awe na pasipoti ya Uingereza. Hatakiwi awe na ukaazi wa kudumu. Mwanafunzi mwenye viza ya masomo anaweza, mkimbizi aliyekwisha kupewa hadhi yake anaweza. Anayesubiri jibu la maombi ya hifadhi na hana kibali, huyo bado.

Sheria hii ni mabaki ya ukoloni, ya enzi ambayo sote tulihesabiwa watu wa mfalme mmoja, na Sheria ya Uwakilishi wa Wananchi ya 1983 imeiendeleza. Mwingereza anayeishi Dar es Salaam hapati haki hiyo kwetu, lakini hayo ni mambo yao.

Mimi nilipata hadhi ya ukimbizi mwaka 2009. Nikasoma Kiingereza katika chuo kimoja cha hapa London, nikasoma na masomo ya uraia, nikajifunza mtakatifu wa Wales anaitwa nani. Hakuna aliyeniambia habari ya kura. Uchaguzi mkuu wa 2010 ukapita, wa 2015 ukapita, nikiangalia matokeo kwenye televisheni kama mpira wa nchi ya watu. Nilikuja kuambiwa mwaka 2016, wiki chache kabla ya kura ya maoni ya Umoja wa Ulaya, na Mghana mmoja tuliyekuwa tukifanya naye kazi. Nilidhani ananitania.

Basi nilipoanza kufundisha nikaliweka jambo hilo mbele. Nilichokutana nacho darasani ni hofu, na hofu yenyewe imetoka Marekani.

Wengi wetu tuna ndugu Minneapolis, Columbus au Dallas, na kwenye WhatsApp zinazunguka video za Kiswahili za kuwaandaa watu kwa mtihani wa kule. Ni masomo mazuri, mengine yananishinda mimi kwa ufasaha. Ndani yake mwalimu anaonya: asiye raia akithubutu kupiga kura katika uchaguzi wa taifa amevunja sheria, anaweza kufungwa na kurudishwa kwao. Kwa Marekani ni kweli tupu. Hata mwenye kadi ya ukaazi haruhusiwi. Lakini video haina mpaka. Inafika Barking na Leyton, na msikilizaji anadhani sheria ya Wazungu ni moja. Kijana wa Kigoma aliniambia mbele ya darasa zima, "Mwalimu, wewe una pasipoti nyekundu tayari, usituponze." Nikamkumbusha kwamba siku hizi ni ya bluu. Hakucheka.

Nilileta maelezo ya Tume ya Uchaguzi, nikawasomea. Wengine wakaamini, wengine wakasema watafikiria.

Aliyenisaidia ni mama mmoja wa Tanga, umri wake umepita miaka 70. Kwa sheria, aliyefikisha miaka 65 hafanyi mtihani, na wala hautaki uraia wa Uingereza, kwa kuwa Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili na yeye hayuko tayari kuuacha wa kwao. Mkenya tangu 2010 anaweza kuwa nao wote wawili, Mtanzania mtu mzima anapoteza wake. Ukaazi wa kudumu anao, umemtosha. Anakuja kumsindikiza mkwewe, anakaa nyuma na chupa ya chai.

Siku moja katika majira ya kuchipua ya 2024 alinikatiza. Akasimulia mwaka 1973 alipokuwa msichana, kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili Tanzania nzima walikaa katika vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana. Somo la choo likiisha, kikundi kinachimba choo. Miaka mitatu nyuma yake kulikuwa na kampeni ya namna hiyo kuhusu uchaguzi, ikiitwa Uchaguzi ni Wako. Akamaliza akaniuliza: "Sasa hapa, mwanangu, tukishasoma hawa wake wa mfalme, tunachimba nini?"

Sikuwa na jibu zuri. Nikatoa simu nikamwonyesha ukurasa wa kujiandikisha. Ilichukua dakika tano: jina, anwani, uraia, namba ya bima ya taifa. Mkwewe akajiandikisha nyuma yake, na Mganda mmoja.

Uchaguzi ukaitishwa tarehe 4 Julai 2024, mwisho wa kujiandikisha ukawa Juni 18. Kwa mara ya kwanza katika uchaguzi mkuu, mpiga kura alitakiwa kuonyesha kitambulisho chenye picha. Hapo napo pana jambo ambalo watu hawalijui: pasipoti ya nchi yoyote ya Madola inakubaliwa, hata iliyokwisha muda wake, mradi picha bado inafanana nawe. Asiye na kitambulisho, kwa mfano aliyekimbia nchi yake na hawezi kwenda ubalozini kuomba pasipoti, anapewa cheti cha mpiga kura bure akiomba mapema.

Nilimsindikiza mama hadi mlangoni. Kituo kilikuwa shule ya msingi. Alitoka baada ya dakika nne, amekasirika kidogo. "Wamenipa penseli!" Kwetu kura iliyopigwa kwa penseli ni kura iliyokwisha kuibiwa. Nilimweleza kwamba ni desturi yao ya siku nyingi, na anayetaka huja na kalamu yake ya wino. Akauliza wino wa kidoleni uko wapi. Hakuna. Askari? Hakuna, labda mmoja anapita. Alitazama kidole chake safi njia nzima hadi kituo cha basi.

Mama wa Bukavu hakuwemo safarini siku ile. Congo haimo katika Jumuiya ya Madola, Burundi haimo, Somalia haimo. Anakaa meza moja na Mganda, wana watoto shule moja, wanalipa kodi moja ya manispaa, mmoja anamchagua mbunge na mwenzake hana hata diwani. Tena dada yake anaishi Glasgow, na Scotland tangu 2020 imewaruhusu wageni wote wenye kibali kuchagua madiwani na bunge la Scotland. Ananiuliza kwa nini Glasgow ndiyo, London hapana. Namweleza sheria, simwelezi kwa nini.

Kilichomfaa yeye ni kitu kingine. Kila mbunge hukaa na watu wa jimbo lake siku maalumu kusikiliza shida zao, na kikao hicho hukiita kwa neno lilelile la chumba cha daktari, ndiyo maana wengi wetu tunadhani ni kliniki. Humo huulizwi kama ulipiga kura. Alikwenda kwa ajili ya faili la mwanawe lililolala wizarani zaidi ya mwaka. Ofisi ya mbunge iliandika barua. Jibu lilikuja, la kuomba nyaraka zaidi, lakini lilikuja.

Haya yote yana uzito zaidi sasa kwa sababu njia ya uraia inarefuka. Ombi la uraia peke yake linapita paundi 1,500. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kusudio la kuongeza muda wa kawaida wa kungoja ukaazi wa kudumu kutoka miaka 5 hadi 10, na kwa wakimbizi wapya hadi 20. Kijana anayekariri akina Catherine leo akiwa na miaka 28 anaweza kuupata uraia nywele zimeanza mvi. Madiwani wa manispaa zote 32 za London huchaguliwa kila baada ya miaka minne, 2018, 2022, 2026. Hesabu mwenyewe zitampita ngapi.

Nimalizie na mzee wetu wa Pemba. Yeye ni raia wa Uingereza wa siku nyingi, mtihani alifaulu, huja darasani kwa mazungumzo. Hajapiga kura hapa hata mara moja. Alipiga Zanzibar mwaka 1995 na 2000, na baada ya mauaji ya Januari 2001 alikuwa miongoni mwa watu zaidi ya 2,000 waliovuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Uchaguzi wa 2015 ulipofutwa aliniambia kwa upole, "Si nilikwambia?"

Jumamosi ya tarehe 1 Novemba 2025 hakuna aliyefungua kitabu. Siku tatu nyuma Tanzania ilikuwa imepiga kura, watu walikuwa wameuawa mitaani kwa idadi ambayo hadi leo inabishaniwa, intaneti ilikuwa imezimwa, na asubuhi ile matokeo yakatangazwa, ushindi wa karibu asilimia 98. Kila mtu alikuwa akipiga simu nyumbani na haipatikani. Mama wa Tanga alikuwa na namba saba, alizijaribu kwa zamu. Somo nililoandaa lilikuwa uchaguzi mkuu wa Uingereza. Nililirudisha mkobani.

Wakati tunafunga chumba mzee alinivuta pembeni, akaniuliza habari ya kura ya posta: unaijazia nyumbani? Nikamwambia ndiyo, mezani kwako. Hakuna anayesimama nyuma yako? Hakuna. Nilikuwa na fomu mkobani, nikampa. Aliikunja mara nne akaitia mfuko wa ndani wa koti. Sijamwuliza kama aliirudisha.