Moto katika Yadi za Magari Mabovu: Nairobi, Kampala na Kazi ya Askari

Katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki gari halifi kwa siku moja. Likichoka mikononi mwa tajiri huuzwa kwa mwenye teksi, naye huliuza kwa mchuuzi wa mboga, na mwishowe hukokotwa hadi mahali ambapo milango, injini na magurudumu yake hugawanywa kama nyama ya ng'ombe buchani. Mjini Nairobi mahali panapojulikana zaidi kwa biashara hiyo ni barabara ya Kirinyaga, ambayo wakazi wengi bado huiita kwa jina la zamani la Grogan. Mjini Kampala ni soko la Kisekka, na kwa kazi za vyuma ni mitaa ya Katwe. Kenya hairuhusu kuingizwa nchini gari kuukuu lililopita umri wa miaka 8, na Uganda kwa sheria ya mwaka 2018 ilifunga mlango kwa magari yenye miaka 15 na zaidi. Lakini gari likishaingia huishi muda mrefu sana, na kila mwaka marundo ya magari mabovu huongezeka.

Marundo hayo ni hatari ya moto, tena hatari ya aina yake. Katika nchi zote za ukanda huu anayefika kwanza moto unapozuka, mara nyingi, si mtu wa zimamoto. Ni askari polisi wa doria, au askari wa jeshi ambaye kambi yake iko karibu. Anachofanya katika dakika kumi za mwanzo ndicho kinachoamua kama patakuwa na gari moja lililoungua au watu kumi waliokufa.

Mipango ya kupambana na moto hutofautiana kati ya nchi na nchi, na tofauti hizo yafaa zijulikane na wale wanaofanya kazi mipakani. Nchini Uganda na Rwanda zimamoto ni sehemu ya jeshi la polisi lenyewe. Kenya, tangu madaraka yalipogatuliwa mwaka 2013, kazi hiyo iko chini ya serikali za kaunti, kwa hiyo askari polisi wa Nairobi huomba msaada kwa chombo ambacho si chake. Tanzania ina Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 2007, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Nambari ya kupiga Tanzania ni 114. Kenya na Uganda ni 999 au 112. Mpango wowote uwao, barabara za miji yetu zimesongamana, na gari la zimamoto haliruki angani.

Chanzo cha moto wa yadi huwa kidogo. Fundi anakata chesisi kwa gesi, cheche inaangukia kiti chenye sponji. Kijana anachoma nyaya ili ngozi ya plastiki iungue abaki na shaba. Mlinzi wa usiku anapika ugali kando ya mapipa. Betri iliyoachwa ndani ya gari inagusana na bati na kutoa moto. Jambo hilo la kuchoma nyaya lastahili kuangaliwa na polisi kwa macho mawili, kwa sababu shaba ile si mara zote imetoka katika magari. Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu mwezi Januari 2022, ilikuwa ni baada ya miundombinu ya umeme kuharibiwa na wezi. Marufuku ikaondolewa mwezi Mei mwaka huo huo kwa masharti mapya. Kabla ya hapo sheria ya mwaka 2015 ilikwisha kumtaka mfanyabiashara wa vyuma awe na leseni na kuweka kumbukumbu za mali anayoinunua. Lengo kubwa la sheria hiyo lilikuwa ni kuzuia wizi. Daftari la manunuzi, hata likiandikwa kwa uaminifu, halimwambii mtu kama petroli imetolewa katika matangi.

Na petroli ndiyo shina la mambo. Watu wengi huamini kwamba kinachowaka ni ule umaji unaoonekana. Sivyo. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, na petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, seuze katika jua la Kampala la saa nane mchana. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne, kwa hiyo haupai juu ukapotea. Hutambaa chini kama maji, ukaingia katika mifereji na mashimo ya mafundi, na kukutana na moto ulio mbali na tangi lenyewe. Sehemu moja na nusu tu ya mvuke katika sehemu mia za hewa yatosha kuwaka. Ndiyo maana tangi ambalo fundi huliita tupu ni la kuogopwa kuliko lililojaa: lililojaa lina petroli nyingi na hewa kidogo, tupu lina mchanganyiko kamili wa kulipuka. Kulikata tangi la namna hiyo kwa gesi au kwa mashine ya kusaga chuma ni kujitafutia kifo, na kulisuuza kwa maji mara moja hakuliondolei hatari. Dizeli ina nafuu, maana huhitaji kupashwa joto la nyuzi zaidi ya 50 ndipo mvuke wake uwake. Lakini katika yadi inayoungua joto hilo hupatikana upesi.

Kwa hiyo usalama wa yadi huanza siku gari linapoingia, wala si siku linapowaka. Betri hutolewa kwanza, waya wa hasi ukitangulia kufunguliwa. Kisha petroli hunyonywa kwa pampu ya mkono na kuwekwa katika vyombo vya chuma vyenye vifuniko, mbali na mahali pa kukatia. Desturi ya kufyonza kwa mdomo na mpira, iliyoenea mno, imewaharibu mapafu vijana wengi na yapasa ikomeshwe. Mitungi ya gesi, kama gari lilikuwa likitumia gesi, huondolewa, na tairi hutengwa katika marundo madogo madogo. Rundo kubwa la tairi likishika moto maji huteleza juu yake bila kupenya, na huweza kuwaka siku kadhaa mpaka livunjwe na kufukiwa udongo. Kati ya safu za magari huachwa njia ambayo gari la zimamoto laweza kupita. Katika yadi nyingi za ukanda huu hata mkokoteni haupiti.

Sasa tuseme moto umeshawaka. Askari anayefika hana budi kwanza kuuliza swali moja: je, kuna mitungi ya asetilini? Mtungi wa asetilini uliopata joto unaweza kuendelea kuchemka kwa ndani hata baada ya moto wa nje kuzimwa, kisha ukapasuka saa kadhaa baadaye watu wakiwa wameusimamia na kupongezana. Wataalamu wa Uingereza hushauri watu wasogezwe hadi mita 200, na mtungi umwagiwe maji kwa muda wa saa nzima kutoka mahali penye kinga, halafu utazamwe saa nyingine kabla ya mtu yeyote kuukaribia. Haubebwi wala hauviringishwi. Katika mitaa ya Katwe au Kirinyaga mita 200 ni watu wengi mno na maduka mengi mno, na kuwaondoa ni kazi ya polisi hasa. 

Ikiwa ni gari moja tu na hakuna mitungi, umbali wa mita 30 kwa watazamaji wafaa. Anayezima hukaribia kutoka upande upepo unakotoka, kwa sababu moshi wa viti na plastiki una hewa ya sumu, pamoja na ile ya sianidi, ambayo humwangusha mtu kabla hajatambua kuwa anazimia. Tena hakaribii kwa mbele wala kwa nyuma, bali kwa pembeni, akielekea kona ya gari. Shokapu za bampa na vile vijiti vya gesi vinavyoshikilia boneti na mlango wa nyuma vikipata moto huruka kama mkuki, na tairi hupasuka na kurusha rimu. Boneti haifunguliwi wazi kwa pupa, maana hewa ikiingia ghafla moto huruka usoni. Huinuliwa kidogo tu, unga mkavu ukapulizwa kwa ndani. Kizima-moto cha kilo 9 kinaweza kuzima moto wa injini unaoanza. Moto uliokwisha kushika viti wataka maji mengi ya mpira wa zimamoto, na petroli iliyomwagika chini yataka povu au mchanga, kwani maji huibeba ikiwa juu yake na kuipeleka kwenye gari la jirani. Magari yaliyopandana matatu matatu hayazimiki kwa juu. Huhitaji kijiko cha kuyatenganisha, na mwenye yadi aulizwe mapema kama anacho.

Jambo jipya ni magari na pikipiki za umeme. Mabasi ya umeme yanabeba abiria Nairobi, pikipiki za umeme zinaonekana Kigali na Kampala, na magari ya mchanganyiko wa petroli na umeme yamekuwa yakishuka bandarini Mombasa kwa miaka kadhaa. Nayo yatafika kwenye yadi; mengine yamekwisha kufika kwa ajali. Betri ya lithiamu iliyobonyea huweza kuwaka yenyewe, hutoa moshi wenye sumu na unaolipuka, hutaka maelfu ya lita za maji ili ipoe, na ikishazimwa inaweza kuwaka tena baada ya saa au siku kadhaa. Gari la namna hiyo huwekwa peke yake, mita 15 kutoka kwa kitu kingine chochote. Waya nene za rangi ya machungwa zilizo chini yake hazikatwi na mtu asiyefunzwa kazi hiyo, hata kama gari limezimwa.

Kuhusu umati, nchi jirani zina kumbukumbu chungu. Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo nchini Kenya. Watu wakaja na madumu, askari wachache waliokuwapo wakazidiwa, moto ukawaka, na watu zaidi ya 100 wakafa. Tarehe 2 Julai 2010 ikawa zamu ya Sange, Kivu ya Kusini, ambako watu zaidi ya 200 waliteketea, baadhi yao wakiwa wamekusanyika kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Na usiku wa tarehe 10 Desemba 2016 huko Karai, Naivasha, lori lenye kemikali inayowaka liligonga magari mengine. Miongoni mwa waliokufa, wapatao 40, walikuwamo askari 11 wa kikosi cha GSU. Hao walikuwa vijana waliofunzwa vizuri na wenye nidhamu. Mvuke unapowaka nidhamu haina la kufanya. Kinachookoa ni umbali peke yake. Yadi ya magari mabovu haina lita elfu thelathini kama lori, lakini ina umati ule ule na madumu yale yale, na kijana anayeingia ndani kuokoa vipuri vyake haoni tofauti kati ya ujasiri na kiherehere.

Kuna yadi nyingine ambayo haizungumzwi sana, nayo ni ile iliyo nyuma ya kituo cha polisi. Katika nchi zote hizi magari yaliyopata ajali, yaliyokamatwa na magendo na yaliyo vielelezo vya kesi hurundikana humo miaka na miaka, majani yakiota mpaka madirishani. Kiangazi kikifika majani yale hukauka, na kichungi kimoja cha sigara chatosha. Karakana za jeshi nazo zina makaburi yake ya magari. Huko hakuna tajiri wa yadi wa kulaumiwa. Gari likiingizwa kwenye kitabu cha vielelezo, papo hapo betri na petroli vingeweza kuondolewa na kuandikwa katika mstari ule ule, na majani kufyekwa na mahabusu au askari wa zamu kabla ya jua kali.

Hatimaye moto ukizimwa kazi ya upelelezi ndiyo kwanza inaanza, maana si kila moto wa yadi ni ajali. Gari la wizi likiungua wenye hatia hutumaini kwamba ushahidi umeungua nalo. Injini nyingi za siku hizi zina mwili wa aluminiamu, ambayo huyeyuka kwa joto la nyuzi 660, na nambari ya injini huweza kupotea kabisa. Lakini nambari ya chesisi hugongwa katika chuma ambacho mara nyingi hustahimili moto huo, na hata ikifunikwa na kutu au kusuguliwa kwa tupa, maabara huweza kuiibua tena kwa dawa ya asidi. Kwa hiyo mabaki hayasogezwi, hayakatwi wala hayauzwi kwa kilo asubuhi yake, hata mwenye yadi akilalamika kwamba nafasi yake imezibwa, mpaka mpelelezi awe ameipata nambari hiyo na kuilinganisha na orodha ya magari yaliyoibwa ya nchi zote mbili za mpakani.