Kitanda, Vijiko na Watu Sita

Tarehe 20 Mei 1788, mjini Fredericksburg, Virginia, bibi mmoja mzee aitwaye Mary Ball Washington aliweka wasia wake kwa maandishi. Alikuwa amefiwa na mumewe Augustine mwaka 1743, Virginia ikiwa bado koloni la Uingereza, na hakuolewa tena. Mwanawe wa kwanza, George, ndiye jenerali aliyeongoza vita vya uhuru wa Marekani, na mwaka uliofuata aliapishwa kuwa rais wa kwanza. Wengi huusoma wasia huu wakimtafuta yeye. Naona tuvisikilize vyombo vya nyumbani, kwa kuwa humo ndimo sauti ya mama mwenyewe ilimo.

Tuanze na sheria. Kwa sheria ya Kiingereza iliyotumika katika koloni, mwanamke akishaolewa, mali yake isiyo ardhi ilikuwa ya mumewe: vyombo, mifugo, fedha. Mume akifa, mjane alirudi kuwa mtu kamili mbele ya sheria. Alipewa pia haki ya kutumia theluthi moja ya ardhi ya marehemu maisha yake yote, lakini hakuweza kumrithisha mtu ardhi hiyo. Yeye akifariki ilikwenda kwa warithi wa mume. Msomaji aliyezoea theluthi ya wasia wa Kiislamu asichanganye mambo, hii ni theluthi ya namna nyingine kabisa. Ndiyo maana wasia za wajane wa zama hizo zimejaa shuka, masufuria na viti. Hapo ndipo mwanamke alipokuwa na uhuru wa kuchagua nani apate nini.

Mary alikuwa na bahati ya kumiliki kipande chake cha ardhi huko Stafford, na alimwachia George. Pamoja na ardhi hiyo alimpa kitanda chake bora, chenye mapazia ya kitambaa kilichofumwa hapo hapo Virginia, mfarishi wa buluu na nyeupe, na kioo chake kizuri cha kujitazamia. Kumpa kitanda mwenye shamba kubwa la Mount Vernon kwaweza kuonekana jambo dogo. Lakini katika nyumba za wakati ule kitanda chenye godoro la manyoya, mito, mablanketi na mapazia ya kukizunguka kilikuwa mara nyingi chombo cha thamani kuliko vyote ndani. Kilimkinga mtu na baridi kali na kumpa faragha. Hakikutajwa kwa neno moja, kilitajwa pamoja na kila kinachokifanya kilalike.

Desturi hiyo Mary aliikuta kwa mama yake. Mary alikuwa bado msichana mdogo wakati mama huyo, mjane naye, alipofariki mwaka 1721. Kitanda Mary alikuwa ameachiwa na baba yake. Mama katika wasia wake akakikamilisha kwa mapazia, mfarishi na mablanketi. Akaongeza sahani, chungu cha chuma, kikaango, na vitambaa viwili vya meza vilivyotiwa alama ya M.B. kwa wino. Mama anayejua kwamba hatakuwepo siku ya harusi ya binti yake anamwandalia nyumba mapema, na kumwekea jina lake juu ya vitu visije vikapotelea mikononi mwa wengine.

Mwaka 1788 Mary naye alimfanyia hivyo mjukuu wake Betty Carter: kitanda na matandiko, mapazia ya zambarau, kioo kikubwa kuliko vyote, meza ya kulia chakula, meza ya kuandikia yenye droo, vyombo vya chai vya rangi nyekundu na nyeupe. Vyombo vya bati na vya udongo vikagawanywa nusu kwa nusu kati yake na Fielding Lewis, mjukuu wa kiume, ambaye alipata pia vijiko vinane vya fedha. Mkwewe Hannah, aliyekuwa amefiwa na mume mwaka mmoja tu kabla, akapewa joho la zambarau.

Kifungu kinachonigusa zaidi ni cha nguo. Binti yake wa pekee aliyekuwa hai, Betty Lewis, alikuwa amepewa gari jepesi na farasi wake. Nguo za kuvaa zilikwenda kwa wajukuu watatu wa kike. Ila, anasema Mary, Betty akipenda nguo moja, mbili au tatu, achukue kwanza kabla hawajagawana. Sheria haikudai maneno hayo. Ni mama anayemjua mwanawe, anayejua kwamba kuna nguo ambayo binti hatataka kuiona mwilini mwa mtu mwingine.

Na kwa mkono huo huo aligawa watu, watumwa wake. Kijana aitwaye George alikwenda kwa mwanawe George, Tom kwa mwanawe mwingine Charles, Bet mzee kwa mjukuu Corbin, Frederick kwa Fielding, Lydia kwa mjukuu Lawrence. Bet mdogo alipewa Betty Carter, yeye pamoja na watoto atakaowazaa baadaye, na mara baada yake kinafuata kile kioo kikubwa. Hapo lazima msomaji asite. Uangalifu wote niliousifu, wa kujua nani anahitaji nini, haukuwahi kuuliza Lydia ana mama wapi, wala Tom angependa kukaa karibu na nani. Mjane aliyenyimwa mengi na sheria aliachiwa na sheria hiyo hiyo mamlaka kamili juu ya binadamu hawa, naye akayatumia.

Mary alifariki tarehe 25 Agosti 1789. Mwezi uliofuata George alimwandikia dada yake Betty kwamba kitanda, mfarishi na kioo anavithamini kupita bei yake, kwa kuwa ni kumbukumbu ya mapenzi ya mama. Katika barua hiyo hiyo aliagiza kwamba watumwa waliokuwa wakilima shambani wabaki mpaka mavuno yaishe, kisha kila mali isiyotajwa katika wasia, farasi na mifugo ikiwemo, igawanywe mafungu matano sawasawa.