Kazi kwenye kompyuta, mapumziko kwenye ukili

Saa tatu usiku mteja anatuma ujumbe: nembo ni nzuri, ila rangi ya buluu ikolee kidogo. Ni marekebisho ya saba. Mtoto wa miaka sita amesimama pembeni na daftari lake, anaambiwa asubiri dakika moja. Kila mzazi anayebuni matangazo au kuhariri video nyumbani anaijua dakika hiyo. Haiishi.

Kazi yenyewe ni ya sanaa, na wengi waliiingia kwa kuipenda. Shida ni kwamba ofisi, soga na burudani vyote viko kwenye kioo kilekile. Mzazi akimaliza kazi, anapumzika kwa kushika simu. Mtoto hawezi kutofautisha baba anayetafuta riziki na baba anayetazama mabao ya jana. Anachokiona ni uso ulioinama. Halafu yeye akiigusa simu, anafokewa.

Mtu wa aina hii hahitaji burudani nyingine ya kutazama. Anahitaji kitu cha kushika. Wapo wanaojaribu kufuma au useremala mdogo, na si vibaya. Ila Pwani na Visiwani ipo kazi ambayo bibi wa nyumba nyingi bado anaijua, na vifaa vyake havimfilisi mtu: kusuka ukili.

Ukili ni ule mkanda mrefu mwembamba ambao hushonwa ubavu kwa ubavu, kwa sindano nene iitwayo shazia, mpaka ukawa mkeka. Husukwa kwa ukindu, majani ya mkindu yaliyoanikwa juani yakawa meupe. Ukindu huchanwa vipande vyembamba vya upana unaolingana, na vinavyotakiwa rangi huchemshwa nayo. Kabla ya kusuka hulowanishwa kidogo, kwa sababu ukindu mkavu hukatika. Chane moja ikikaribia kwisha, nyingine huchomekwa chini yake, kazi inaendelea. Vichwa vinavyochomoza hukatwa mwishoni.

Anayeanza asikimbilie maua. Mwenye kujua kusuka nywele tayari ana nusu ya somo, maana mkono wa kwanza ni wa chane chache tu. Hata hivyo, pima ya kwanza hutoka imepinda kama njia ya ng'ombe.

Hapo ndipo mtu wa kompyuta hupata tabu. Kazini amezoea kutendua: akikosea, anabonyeza na kosa linafutika. Ukili hauna kitufe hicho. Aliyeruka chane moja atafumua mpaka alipokosea, au aliache kosa lionekane. Lakini pia hakuna mteja wa kumwambia aongeze buluu. Akisuka shubiri tatu, ni shubiri tatu. Kesho atazikuta palepale.

Asidanganyike, hata hivyo, kuwa anapumzisha macho. Kusuka nako ni kutazama karibu, hasa kwa mwanafunzi; bibi aliyezoea husuka huku akipiga soga na kuangalia nani anapita uchochoroni. Kwa hiyo kila dakika 20 ainue macho atazame kitu cha mbali, umbali wa mita 6 hivi, kwa sekunde 20. Na kama kifundo cha mkono kilishaanza kuuma kwa sababu ya kipanya, nusu saa inatosha. Maumivu yakiendelea, akamwone daktari.

Mtego mkubwa uko kwingine. Siku ukili ukinyooka, ataupiga picha na kuuweka kwenye hali ya WhatsApp. Dakika kumi baadaye mtu anauliza bei. Mzazi anayepata fedha kwa kubuni vitu ni rahisi kukubali, na hapo amejifungia ofisi ya pili: oda, tarehe, mteja mwingine wa usiku. Biashara ya mikeka ni ya heshima na inalisha familia nyingi, lakini kwa huyu anayetafuta pumziko, mkeka wa kwanza ni wa nyumbani. Anayeuliza bei aelekezwe sokoni kwa wanaoishi kwa kazi hiyo.

Faida nyingine huja bila kutafutwa. Mama mkwe aliyekuja kusalimia, akakaa siku tatu bila la kuzungumza na mkwe anayeshinda kwenye kompyuta, akiambiwa "Mama, naomba unifundishe," anapata mwanafunzi. Na wajukuu hawatakaa mbali. Wa miaka mitano au sita apewe vipande vya karatasi za rangi apitishe juu, chini, juu. Wa miaka kumi aweza kushika ukindu wenyewe. Mkasi na shazia vibaki kwa wakubwa.

Simu iachwe chumbani ikichajiwa. Mteja wa buluu atajibiwa asubuhi. Ukili ambao haujaisha huviringishwa, ukatundikwa msumarini ambapo mtoto anaweza kuufikia, maana ndiye atakayekumbusha kesho jioni kwamba maji ya kulowanishia bado hayajatekwa.