Wataalamu wa kike wa mwambao waandikwe

KIJANA wa Kismayo akitaka habari za mtu, siku hizi hamwendei mzee barazani. Hutoa simu mfukoni, akaandika jina, na mara nyingi jibu la kwanza hutoka Wikipedia, ile kamusi elezo ya mtandaoni inayoandikwa na watu wa kujitolea. Toleo lake la Kiswahili lipo tangu mwaka 2003. Asiye na ukurasa humo, kwa kijana huyo ni kama hakuzaliwa.

Na wasiokuwamo, wengi ni wanawake. Mwaka 2014, katika kila wasifu 100 wa toleo la Kiingereza, wa wanawake ulikuwa kama 15 tu. Mwaka 2015 kikundi kiitwacho Women in Red kilianza kuziba pengo hilo, na leo idadi imefika kama 20. Hata Donna Strickland wa Canada, bingwa wa fizikia, ukurasa wake ulikataliwa Mei 2018 kwa hoja kwamba hajaandikwa vya kutosha na watu wengine. Oktoba mwaka huohuo akapata Tuzo ya Nobel! Ikiwa mwenye chuo na maabara yalimfika hayo, sembuse muuguzi wa Chovai?

Hapo ndipo penye tatizo letu. Wikipedia haipokei habari za kusikia. Hutaka ushahidi uliochapishwa: gazeti, kitabu au ripoti ya utafiti. Nasi vita vya 1991 vilitutawanya kutoka Koyama, Chovai, Chula na Kismayo yenyewe, wengi wakaishia kambini Jomvu, Mombasa. Aliyepanda jahazi na watoto mkononi hakukumbuka makabrasha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wafanyabiashara wa mpakani wanalijua hilo kunishinda.

Tazama Dk Hawa Abdi. Alizaliwa Mogadishu mwaka 1947, akasomea udaktari Kiev, na mwaka 1983 akafungua zahanati nje ya mji. Vita vilipopamba moto, shamba lake likawa kimbilio la watu wapatao 90,000. Mei 2010 wapiganaji waliivamia hospitali yake, naye akagoma kuwaachia. Alifariki Agosti 2020. Ukurasa anao, kwa sababu magazeti ya nje yalimwandika na mwenyewe akatoa kitabu. Wangapi walitibu watu kama yeye bila mwandishi kupita mlangoni mwao?

Mwingine ambaye ningependa kila mama wa visiwani asome habari zake kwa Kiswahili ni Dk Flower Msuya, mtafiti wa mwani Zanzibar. Huko wakulima wengi wa mwani ni wanawake. Maji ya bahari yalipozidi joto, mwani wa bei nzuri, cottonii, ukaanza kufa karibu na ufuo. Kwenye kina kirefu ungestawi, lakini wengi wa akina mama hao hawajui kuogelea na kamba za zamani husombwa na mawimbi. Dk Msuya akafanya nao majaribio ya nyavu za mirija zinazohimili maji mengi, na akahimiza mwani usagwe utengenezewe sabuni badala ya kuuzwa mkavu tu. Hiyo ni sayansi ya bahari ileile inayopiga Chula.

Kwa hiyo nawaomba mliorejea kutoka Dadaab, Mombasa na Ulaya: fungueni masanduku. Cheti cha ukunga, picha ya mahafali, kipande cha gazeti la kabla ya vita, vyote vina thamani. Cheti peke yake hakitoshi kumwingiza mtu Wikipedia, lakini humwezesha mwandishi wa gazeti au mtafiti wa chuo kuandika habari ya uhakika. Yakitoka makala mawili matatu ya kina, kamusi hupata pa kushika. Enyi mnaosafiri kati ya Kismayo na Lamu, mnaweza kubeba nakala za hati hizo pamoja na shehena.

Kuna sharti moja linalowaudhi wengi: haishauriwi binti aandike ukurasa wa mama yake. Ampe jirani hati hizo, jirani aandike. Picha nayo atoe yule aliyeipiga, kwa maana picha iliyochukuliwa kwa mwingine bila idhini hufutwa.