MAPENZI YA VIJANA NA SUALA LA MATABAKA

Katika madarasa ya elimu ya siasa huulizwa swali: je, mapenzi nayo yana tabaka? Wapo wanaojibu kwamba moyo hauna tabaka. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Moyo hauna tabaka, lakini ndoa inalo, kwa sababu ndoa hupitia kwenye mali.

Tuchukue Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Hapa mali kuu ni ng'ombe na pamba, navyo huzaana. Mwenye maksai hulima kwa plau, huvuna pamba nyingi, kisha hununua ng'ombe wengine. Asiye nao hulima kwa jembe la mkono, hukodi maksai wa jirani, au huchunga mifugo ya mwenzake kwa ujira. Kijana huyo akipendana na binti wa mwenye zizi, hudaiwa mahari ya ng'ombe. Yaani hutakiwa kuleta kitu kile kile ambacho kukikosa ndiko kulikomfanya kibarua. Posa hukataliwa, na binti huozwa kwa mwenye mifugo, pengine mtu wa rika la baba yake. Hapo binti naye amegeuzwa kuwa njia ya kukuza zizi.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilitamka kwamba ndoa ni hiari ya wawili, na kwamba kutolipa mahari hakuibatilishi. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini sheria hiyo hiyo iliruhusu binti wa miaka 15 aozwe kwa idhini ya wazazi. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba kifungu hicho ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019.

Ndugu makada, tujikosoe. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi mishahara miwili, hisa na nyumba za kupangisha. Masharti hayo hayakugusa zizi. Kada anayehubiri usawa mchana, kisha jioni akakaa kuhesabu ng'ombe wa bintiye, anabomoa kwa mkono wa kushoto alichojenga kwa wa kulia.

Wajibu wetu ni miwili. Kwanza, kuimarisha ushirika ili kijana asiye na kitu apate maksai na plau bila kuwa mtwana wa mtu. Pili, kumsikiliza binti kabla ya kuhesabu mifugo, tukianzia nyumbani kwetu.