Vuli ya Mlimani na Samaki Mgeni

Wiki hii nimeletewa swali na msikilizaji mmoja anayeishi chini ya Mlima Kenya. Anauliza: hao wageni wanaopanda mlima na fimbo ndefu, wakashinda wamesimama ndani ya maji baridi kwa ajili ya samaki mmoja, wanatafuta nini? Na kwa nini husema kwamba huko kwao uvuvi huo hunoga wakati wa vuli?

Tuanze na neno lenyewe. Kwetu vuli ni mvua fupi, za Oktoba hadi Desemba. Lakini neno hilo hilo tumelitumia pia kwa majira ya Ulaya ambayo majani hupukutika, kiangazi kikiwa kimekwisha na baridi kali haijafika. Miezi inakaribiana, ila mambo yake ni mbali mbali.

Samaki wanayemfuata anaitwa trauti. Huyu hapendi joto. Maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko maji ya vuguvugu, na maji yakizidi nyuzi joto 20 hivi, trauti huanza kutaabika. Katika maziwa ya Ulaya, kiangazi hupasha maji ya juu, naye hushuka kilindini. Vuli ikiingia, maji ya juu hupoa, huwa mazito, huzama, na upepo huyakoroga yote. Hapo trauti hupanda tena, husogea ukingoni, na kula kwa pupa kabla ya baridi kuu. Hiyo ndiyo furaha ya mvuvi. Lakini ni furaha fupi, kwa kuwa trauti wa kahawia hutaga mayai majira hayo hayo. Kule Scotland sheria humlinda tangu tarehe 7 Oktoba hadi tarehe 14 Machi.

Sasa turudi nyumbani. Trauti si mwenyeji wetu. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta mayai yake kutoka Scotland, na samaki wakawekwa katika Mto Gura, kwenye milima ya Nyandarua. Baadaye akaja ndugu yake, trauti wa upinde wa mvua, ambaye ndiye anayejulikana zaidi katika maziwa ya Mlima Kenya kama Rutundu na Alice.

Utauliza, samaki wa baridi anaishije karibu na Ikweta? Jibu ni kwamba kwetu urefu wa mlima hufanya kazi ya majira. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi kama 6. Ziwa Rutundu liko kiasi cha mita 3,100 juu ya bahari. Mzungu husubiri vuli imfuate. Sisi huipandia kwa miguu.

Nilipanda huko mwezi wa Oktoba mwaka mmoja, nikiwa na mzee aliyezoea kuwaongoza wavuvi. Chambo chetu hakikuwa mnyoo wala dagaa. Kilikuwa nyoya na uzi vilivyofungwa juu ya ndoana ndogo, vikafanana na mdudu wa majini. Kitu chepesi namna hiyo hakirushiki chenyewe. Kwa hiyo uzito umewekwa kwenye mshipi, na mshipi ndio unaoruka na kukibeba chambo. Mkono hurudi nyuma, hutulia kidogo hadi mshipi unyooke, ndipo huenda mbele.

Mimi sikutulia. Asubuhi nzima nilirusha kwa nguvu, nikanasa vichaka vya nyuma yangu mara tatu. Mzee akaniambia, “Mwanangu, unavua au unayachapa maji?” Akanikalisha juu ya jiwe. “Tazama kwanza anakula nini, na wapi.” Nikatazama. Jua lilipoanza kushuka, wadudu wakatua juu ya maji, na viduara vikaanza kuonekana. Nikarusha taratibu nje kidogo ya kiduara kimoja. Mshipi ukakaza.

Alikuwa samaki wa urefu wa kiganja na nusu, mwenye mstari wa waridi ubavuni. Nikamkumbuka babu yangu. Ujanani aliwabebea wazungu mizigo mtoni, na fimbo hizo alizishika tu wakati wa kuzibeba. Alimwita trauti “samaki wa wenyewe”. Mzee aliponiuliza kama tumle au tumwachilie, nilisema tumle, kwa niaba ya babu. Tulimchoma na chumvi tu. Wa pili nilimrudisha.

Nilimrudisha kwa sababu ya jambo ambalo mzee alinieleza tukiwa motoni. Trauti hatagi katika maji yaliyosimama. Anahitaji maji yanayotiririka juu ya changarawe safi. Kijito kikijaa tope kwa sababu miti imekatwa, au kikikauka, mayai hufa. Ziwa lisilo na kijito kama hicho hubaki kutegemea vifaranga wanaoletwa na watu.

Na hapa ndipo hoja yangu ilipo, mpenzi msikilizaji. Mlima huu huu ndio unaolisha Mto Tana na Ewaso Ng’iro, na barafu ya kileleni inazidi kupungua. Joto likizidi bondeni, trauti wa mtoni anaweza kusogea juu. Likimfuata hadi ziwani, hana tena pa kupandia. Ni mgeni kweli, lakini ni mgeni anayetusomea hali ya maji yetu. Siku atakapotoweka, tusiseme ni samaki wa wazungu aliyekwenda zake. Tuulize yale maji tunayokinga bombani yamepatwa na nini huko yanakotoka.

Hadi wiki ijayo, nakutakia kila la heri.